Ombi la Kusamehewa Tetemeko

Kwa Bwana Tsukioka, Mkuu wa Kamati ya Maafa ya Chuo Chetu

Mheshimiwa Bwana,

Nakuandikia kwa adabu zote kutoka ghorofa ya nne ya jengo la kemia. Mimi ni Minegishi Sawako, yule wa kiti cha magurudumu ambaye kila mwaka unamwinamia ukimwomba radhi. Radhi zako nimezipokea, zimejaa chumbani hadi sina pa kugeuzia kiti. Yanayonikera ni haya:

1. Siku ya mazoezi ya tetemeko lifti huzimwa, wenzangu huvaa kofia ngumu na kushuka ngazi, nami huambiwa, "Minegishi-san, wewe tazama tu, usije ukasumbuka." Nimetazama vya kutosha. Kama kutazama watu wakikimbia ni somo, basi shahada yake ninayo.

2. Kisha mnahesabiana uwanjani, hesabu inatimia, mnapigiana makofi. Kumbe jina langu mlikwishaliondoa asubuhi. Hongereni.

3. Mwaka huu mlipika supu ya miso kwenye sufuria kubwa, na kwa wema wenu mkaniletea bakuli. Ilipanda ngazi zote ikiwa ya moto, haikumwagika hata tone. Nikawaza: kumbe ngazi zinapitika, ila supu ndiyo iliyofanyiwa mpango. Inauma, Bwana, nasema wazi.

Lakini mimi si mgomvi. Kwa kuwa mazoezi nasamehewa, naomba na tetemeko lenyewe nisamehewe. Nipatieni cheti chenye muhuri mwekundu wa chuo, nikibandike mlangoni, tetemeko likifika lisome na kupita. Kama halijui kusoma, lipangiwe kuja Jumatano, siku ambayo sina darasa huku juu. Na hilo likishindikana, ghorofa ya nne itangazwe kuwa si sehemu ya Japani.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, bila kumsahau mama wa jikoni. Supu ilikolea.

Wako mtiifu,
Minegishi Sawako

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, ardhi ikatikisika kweli. Si sana, ila lifti ilijizima na chokaa ya dari ikaanguka. Hirabe, mwenzangu wa maabara, bingwa wa kunitania, alikwisha kufika kwenye ngazi. Akarudi na wenzake wawili, wakanibeba. Huyu kanishika makwapa, yule viatu. Viatu vikanivuka, nikapiga mgongo kwenye ngazi. Maskini, walitetemeka kuliko jengo. Tukiwa bado kwenye kona ya ghorofa ya pili, spika ya uwanjani ikatangaza kwamba wote wametoka salama. Hirabe akaniuliza, "Sasa sisi ni akina nani?"

Cheti sikitaki tena, Bwana. Mazoezi yajayo nitashuka nanyi, na hawa vijana wafundishwe pa kunishika.