Kiti cha Anatolia

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri, Nyanga yote tope. Na mkaguzi wa shirika anakuja Ijumaa kutoka Mwanza! Wakimbizi waliporudi kwao, shirika lilituachia kompyuta kuu na nyingine saba hapa chuoni, na mimi, Ildefons, nikajiteua mkurugenzi. Hakuna aliyepinga. Mkaguzi asiporidhika atazipeleka kwa Protase kule Kishanda. Protase! Mtu anayekunywa chai na kofia kichwani.

Shida ni leseni. Programu ya kuchapa inakaa ndani ya kompyuta kuu, nyingine zinaifikia kwa waya, na kompyuta kuu inaruhusu watu watano tu kwa pamoja. Dada yangu Anatolia ndiye aliyeunganisha waya huo kwa mikono yake. Alifariki Agosti, ugonjwa huu huu unaomaliza watu, tukamzika kwenye kibanja cha baba, shamba lake la migomba kule Ijumbi.

Leo wasichana wanne wameingia vizuri. Wa tano, Petronila, binti wa Anatolia anayeanza leo, akakataliwa: nafasi zimejaa. Nikatazama majina kwenye kompyuta kuu. Manne ya wasichana. La tano, juu kabisa: ANATOLIA.

Nikawaambia wasichana mashine ina malaria. Petronila alikaa mbele ya kioo cheusi mpaka saa ya kutoka.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemtoa! Jina likarudi kabla sijafika kwenye kiti changu. Nikamtoa tena. Akarudi. Hata alipokuwa hai ilikuwa hivyo hivyo, ukimfukuza jikoni anaingia kwa mlango wa nyuma.

Joviana, mwalimu wa taipureta wa chumba cha pili, akaniuliza kama nilikwenda Ijumbi kumaliza matanga. Sikwenda. Nilikuwa na kikao na mimi mwenyewe. Akasema basi Petronila hajakalishwa kuwa omusika, mrithi wa mama yake, na kiti cha marehemu kisicho na mrithi bado kina mwenyewe. Nikacheka sana. Halafu nikahamia karibu na dirisha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimegundua! Ni Joviana. Anaazima jina la dada yangu ili anitishe nimwachie chumba. Ushahidi: kuna waya unaopenya ukutani kuelekea upande wake. Nikaukata kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Kompyuta zote zikakatika kwa mpigo. Kumbe waya huu ukikatwa mahali pamoja, wote umekwisha. Fundi redio Privatus alishinda akiuunga, ananitikisia kichwa. Alipomaliza tukawasha kompyuta kuu peke yake, zile saba zote zimezimwa. Jina moja likatokea. Privatus akakusanya bisibisi zake na kuondoka bila hata kungoja chai.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeufuata waya. Hauendi kwa Joviana, unaingia stoo. Nyuma ya magunia ya kahawa, chini ya kitenge cha Anatolia, kompyuta ya nane! Nikajiuliza ni mwizi gani aliyeificha. Nikakumbuka. Ni mimi. Agosti, shirika lilipokuja kuhesabu, niliiweka kando mashine ya dada ili siku moja iwe yangu. Kuizima sikujua. Umeme ukirudi inaamka yenyewe na kuingia kwa jina lake, kama alivyoifundisha.

Ndiyo hivyo tu! Nikacheka peke yangu mle ndani. Nikakata plagi, nikaitia mfukoni. Kitenge bado kinanukia sabuni yake. Namkumbuka dada yangu mpaka kifua kinauma.

Kiti kilichokuwa mbele ya mashine kilikuwa na joto. Paka, bila shaka. Chuo hakina paka, lakini majirani wanao.

Ijumaa, 7 Novemba

Mkaguzi amekuja, Bwana Shilogile, mzee mpole mwenye koti la mvua. Wasichana wanne wanachapa. Petronila nilimtuma chai asionekane amekaa bure. Plagi mfukoni mwangu, naishika. Mzee akainamia kompyuta kuu na kusoma majina. Matano. La kwanza, ANATOLIA.

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mzee akasema kumbukumbu za mashine zinaonyesha huyu huingia wa kwanza kila siku, akaomba amsalimu. Nikasema yuko Ijumbi. Si uongo! Akasema chuo chenye mwalimu wa namna hii hakinyang'anywi kitu. Protase kwisha habari yake! Tena ataongeza leseni mbili palepale, nimtajie tu majina ya walimu wawili walio kama yeye.

Petronila alikuwa amesimama na birika, ananitazama. Joviana akaninong'oneza kwa Kihaya nimtaje mtoto, nafasi ya mama yake ni yake. Lakini mzee kasema walimu, na walimu walio hai huomba likizo. Nikamtaja kaka yangu Rugambwa. Nikamtaja na baba, mzee Mujuni. Watu wa kuaminika, wamelala kibanja kimoja na Anatolia.

Jumatatu, 10 Novemba

Ushindi! Leseni saba! Nimefungua chumba mwenyewe, na ufunguo ni huu mmoja. Kompyuta kuu ikawaka. Hakuna msichana aliyekuwa ameketi, na majina matatu yako tayari: ANATOLIA, RUGAMBWA, MUJUNI. Kisha huko stoo vibonyezo vikaanza kulia, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefundishwa.

Joviana kabeba taipureta zake kahama. Chumba chake sasa ni changu. Ushindi wa pili!

Wasichana wanne wakaingia, jumla saba. Petronila akauliza, mjomba, leo je? Nikamwambia awe na subira, nafasi zimejaa. Kesho namwandikia Bwana Shilogile aniongezee leseni. Majina si shida. Ijumbi tunao wengi.