Udongo wa Kichuguu kwa Magaga ya Nyumba Kumi

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Uchaguzi wa balozi wa nyumba kumi ni Jumapili. Wagombea wawili: mimi Abbasi, fundi cherehani, na Masolwa, muuza samli wa Nzega asiyejua hata kuhutubia. Lazima nishinde. Kiangazi kimetukausha, mtaa mzima una magaga. Atakayeponya nyayo atapata kura. Mke wangu Mwamvita kauliza uganga nimejifunza lini.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda zahanati. Nesi Paskazia, jirani yetu wa nyumba ya kumi, alikuwa akifundisha kina mama. Yule dada anajua! Alisema ngozi ya juu ni ukuta. Chembe ndogo ndizo matofali, na kati yake kuna mafuta ya mwili wenyewe, yanayoyashika kama udongo. Yakipungua, ukuta unapasuka: maji ya mwili yanatoka, vijidudu vinaingia. Ndiyo magaga, ndio na ukurutu wa mtoto wa jirani yetu Zamda. Sijapata kusikia maneno matamu hivyo. Niliondoka kabla hajamaliza, maana dawa nilikwishaipata. Udongo. Na udongo gani unaushinda wa kichuguu? Nyumba yangu niliikandika huo, na mwaka wa kumi haina ufa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimechimba, nimechekecha, nimekanda. Nimepaka nyayo za nyumba nane. Bi Amne, mkongwe wa mtaa wetu, kaniombea dua. Hata Masolwa nimempaka. Siasa haitaki uchoyo. Mwamvita kakataa, eti miguu yake si ukuta wa ghala.

Alhamisi, 7 Agosti
Udongo umekauka. Mtaa unatembea kama kuku waliofungwa miguu. Bi Amne alipoubandua ili atawadhe, ngozi ilikuja nao. Nimeona aibu sana. Nimeshinda ndani, mlango nimeufunga.

Ijumaa, 8 Agosti
Paskazia kapita kila nyumba. Hakunisema. Alipiga magoti mbele ya Bi Amne, akamwamkia shikamoo, akamwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu. Kabla haijakauka, akaipaka mafuta ya alizeti yaliyoyeyushiwa nta ya nyuki. Akaeleza kwamba udongo unafyonza hata mafuta yaliyobaki, na kwamba maji ya moto na sabuni ya kufulia huyaondoa vilevile. Mtoto wa Zamda, anayepakwa tangu Jumanne, leo hajikuni. Nilichungulia dirishani nikasahau kabisa kwamba mimi ni mgombea. Mikono ile ina baraka.

Jumapili, 10 Agosti
Tuliambiwa kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Bi Amne akamshika Paskazia mkono, akamsimamisha mbele, akasema huyu ndiye. Watu wote wakaenda huko. Masolwa naye akaenda. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa na mbuzi. Mwamvita alikuwa wa pili kwenye mstari wa Paskazia! Nikaenda kusimama mwisho wa mstari huohuo, na sijutii. Mtu anayejua ni anayejua.

Balozi wetu mpya akaanza kazi palepale. Akasema wazee wajihadhari, mifupa yao inahitaji madini ya chokaa. Niliposikia hivyo nikaondoka mbio. Nina nusu gunia la chokaa iliyobaki tulipopaka nyumba. Kesho naanza na Bi Amne.