Shukrani ya Mia Nne na Kumi na Tatu

Ninayo furaha, heshima na taadhima kuutangazia umma kwamba, kufikia Alhamisi ya wiki iliyopita saa tisa na nusu alasiri, taifa letu lilikuwa limekwisha kuwashukuru mashujaa wake wa vita, pamoja na familia zao, kwa kiwango cha asilimia tisini na tisa nukta saba sita. Hakuna jirani aliyefika hapo. Jirani mmoja tunayemfahamu bado yuko kwenye thelathini na kitu, na hata hizo hana ushahidi nazo.

Mafanikio haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Yameletwa na Idara ya Shukrani, ambayo mimi ni Mkurugenzi wake. Kabla yetu watu walishukuru ovyo. Mtu anakutana na askari mstaafu sokoni, anamshika mkono, anasema "ahsante sana, mzee wangu," kisha kila mmoja anakwenda zake. Hakuna nakala! Sisi tukaleta Hati ya Mapokezi ya Shukrani. Mshukuriwa anashukuriwa, anasaini mara tatu, nakala ya waridi anabaki nayo. Shukrani isiyotiwa saini, kwa mujibu wa kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu, haijatoka.

Orodha ilikuwa na watu mia nne na kumi na watatu. Mia nne na kumi na wawili walisaini. Baadhi waliuliza kama kuna kingine zaidi ya hati, tukawaambia hakuna, wakaenda nyumbani wakiwa wameshukuriwa kikamilifu. Akabaki mmoja tu, mjane wa koplo, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo kwa sababu hakuna suruali ndefu mjini ambayo hajaikunja.

Nilikwenda kwake mimi mwenyewe. Nilimkuta barazani kwenye cherehani ya miguu, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Binti yake wa miaka kumi na tisa alikuwa anapiga pasi sare za shule.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri, baba, karibu." Akanitazama kiunoni. "Tunapunguza au tunaongeza?"

"Nimekuja kukushukuru kwa niaba ya taifa."

"Tena?" Akatoa pini mdomoni. "Mwezi uliopita walikuja wawili. Nikawauliza jambo moja, wakasema watarudi na jibu. Ndiyo umelileta?"

Jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Mumewe alijeruhiwa vitani, akaletwa hospitali ya jeshi, akafariki siku ya tatu. Jeshi likamzika, likamwandikia mke barua: mumeo amezikwa kwa heshima zote, mahali utajulishwa. Hiyo ni miaka kumi na tisa sasa. Binti alizaliwa miezi miwili baada ya barua.

"Mama," nikasema, kwa upole ambao nimeusomea, "idara yetu inatoa shukrani. Haitoi majibu."

"Basi na mimi nashona. Sipokei."

"Unalirudisha taifa nyuma."

"Mzee," binti akadakia, pasi ikiwa hewani, "mimi baba yangu sikumwona hata kwa dakika moja. Nataka kujua pa kwenda kumwamkia, basi. Hilo nalo lina fomu?"

Nikamhakikishia kwamba fomu ya kuomba kujulishwa kaburi ipo, na inajazwa kaburini mbele ya mashahidi wawili. Hakuonekana kuridhika. Vijana wa siku hizi hawana subira.

Nikaitisha Kamati ya Shukrani Sugu. Tulikaa siku mbili. Kwa wasiofahamu, shukrani za taifa zina madaraja matatu. La tatu ni "Ahsante." La pili ni "Ahsante sana." La kwanza, ambalo hutolewa na mtu wa ngazi ya waziri kwenda juu, ni "Hatuna cha kukulipa." Mwanasheria wetu analipenda sana hilo la mwisho, kwa maana haliwezi kupingwa mahakamani.

Katikati ya kikao karani wa masjala akanyoosha mkono. Ni mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, sisi humwita Mzee Jalada. Ameyatunza mafaili ya serikali kwa muda mrefu hata amefanana nayo.

"Mkurugenzi, faili la koplo lipo. Rafu ya nne. Si tulifungue tu, tumwambie yule mama?"

Nilimpa onyo la maneno kwa kuleta suluhisho kabla ya kikao kufika kwenye ajenda ya suluhisho. Faili lina mhuri wa siri, na siri haifunguliwi eti kwa sababu mtu anataka kuijua. Tukiruhusu hilo, siri zote zitakwisha.

Kamati ikaazimia Mama Pindo ashukuriwe kwa daraja la kwanza na Waziri mwenyewe, Ijumaa saa nne asubuhi, kwenye ua wa makao makuu yetu. Mheshimiwa alikubali haraka. Saa saba mchana alikuwa na ndege ya kwenda kwenye mkutano wa mataifa, na hotuba yake ilikwisha chapishwa. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa wino wa dhahabu: ASILIMIA MIA MOJA.

Ijumaa ikafika. Ua wetu umesakafiwa kwa vigae vya saruji, vyekundu na kijivu, kazi safi. Tuliweka jukwaa la chini, zulia juu yake, na kipaza sauti. Hema lilikuwa la wanaoshukuru. Wanaoshukuriwa, yaani wastaafu walioalikwa kuja kupiga makofi, walisimama juani, kazi ambayo wameizoea.

Waziri alishukuru kwa dakika arobaini na tano. Alishukuru damu, akashukuru jasho, akamshukuru aliyemteua. Kisha akamgeukia Mama Pindo, akaweka mkono kifuani na kutamka daraja la kwanza lote, bila kusoma. Bendi ikapiga. Nikampelekea mama hati na kalamu.

"Nitasaini," akasema. "Hata mara kumi. Aniambie kwanza mume wangu yuko wapi."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, kwa hiyo na wastaafu walisikia. Makofi yakakatika.

Mheshimiwa akatazama saa yake. "Mkurugenzi, hilo faili liko wapi?"

"Masjala, mheshimiwa. Ila utaratibu wa kulifungua—"

"Ndege yangu ni saa saba."

Faili likaja. Lilisubiri miaka kumi na tisa, likafika kwa dakika nne. Waziri, ambaye hapendi kupitwa na jambo jema mbele ya kamera, akalifungua mwenyewe na kuanza kusoma kwa sauti ya ibada.

"Marehemu koplo amezikwa kwa heshima zote za kijeshi pamoja na wenzake sitini, nyuma ya hospitali ya jeshi, kiwanja namba kumi na saba, safu ya pili, kaburi la tano. Mama, umesikia? Serikali haisahau! Kiwanja namba kumi na saba!"

Mzee Jalada akamvuta mkono wa koti. "Mheshimiwa, usiendelee."

"Kwa nini?"

"Kiwanja namba kumi na saba ndicho hiki."

Alikuwa sahihi, kama ilivyo tabia yake mbaya. Namba hiyo ipo kwenye kila barua ninayotuma. Nimeiandika kwa miaka sita bila kuiuliza chochote.

Niliona aibu, na naomba iandikwe hivyo hivyo.

"Safu ya pili ni ipi, baba?" Mama Pindo akamuuliza karani.

Mzee Jalada akaufungua mchoro uliokuwa ndani ya faili, akahesabu hatua kwa macho kutoka ukuta wa zamani uliobaki wa hospitali, kisha akanyoosha kidole. Kilielekea kwenye zulia, palepale zilipokuwa zimesimama soli za mheshimiwa.

Mama hakupandisha sauti. "Mheshimiwa, naomba ushuke."

Akashuka. Kwa kutaka kuondoa macho ya watu usoni pake, akamsukumia karani faili. "Malizia wewe kusoma." Mzee Jalada ni mtumishi mtiifu. Akaambiwa amalizie, akamalizia, mpaka karatasi ya mwisho.

"'Kibali cha ujenzi. Kiwanja namba kumi na saba kimekaguliwa na hakina kitu wala mtu. Saini: Kamishna wa Ardhi.' Huyo ni wewe, mheshimiwa, kabla hujapanda cheo. 'Saini: Mkurugenzi wa Shukrani.'"

Huyo ni mimi. Ukaguzi ninaukumbuka vizuri. Tuliufanya tukiwa ndani ya gari, maana kulikuwa na manyunyu.

Mheshimiwa akajikohoza. "Ndugu wananchi, kwa uzito wa suala hili, naunda kamati..."

Wastaafu walikuwa wamekwisha kuingia chini ya hema, wakavuta viti vyetu na kukaa. Mmoja tu hakukaa, mzee wa mkongojo, ambaye mguu wake wa kushoto ulibaki huko huko vitani. Akatembea mpaka kwenye zulia, akalipindua ncha kwa mkongojo.

"Kamati imeshakaa," akasema. "Wewe shika huku. Na wewe wa kalamu, shika kule."

Tukashika, mimi na Waziri. Tukaondoa zulia, tukaondoa jukwaa. Mtunza bustani akaleta mtaimbo mmoja, akaniangalia nilivyoushika, akacheka waziwazi. Mama Pindo akavua futi yake shingoni, akapima kutoka ukutani akifuata mchoro, sentimita kwa sentimita, binti akishika upande wa pili. Akachora alama kwa chaki ya kushonea.

"Hapa. Taratibu, msimgongee."

Nikakitikisa kigae, Waziri akakinyanyua. Kingine. Kingine tena. Kufikia cha sita suruali yake ilikuwa imechanika gotini na saa saba ilikuwa imepita. Ndege tuliisikia ikipita juu yetu. Hakuna aliyeinua kichwa, hata yeye.

Udongo ukaonekana, mwekundu, mkavu. Mama Pindo akajifuta macho kwa kanga. Kisha akanigeukia.

"Lete hiyo karatasi yako. Niliahidi."

Akasaini mara tatu, mwandiko mzuri, akanirudishia zote hadi ile ya waridi. "Baki nazo. Mimi nilichokuwa nataka nimekipata."

Binti akavua viatu. Akasogea pale wazi, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo. Mheshimiwa naye alikuwa amepiga magoti hatua moja kutoka hapo, kigae kikiwa mikononi, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, baba," binti akasema.

"Marahaba," Waziri akaitika, kwa mazoea ya miaka mingi.

Binti akageuza kichwa, akamtazama.

"Sikukuamkia wewe."