Skrubu Moja Iliyobaki

Jumatatu, 26 Juni 1972. Shinyanga

Ugunduzi mkubwa! Au karibu uwe mkubwa. Leo nimeifungua cherehani ya mke wangu yote, hadi utumbo.

Lazima nieleze. Cherehani hii imeshona tangu enzi za Mwingereza, kwanza kwa mama mkwe, sasa kwa Mageni, na haijaugua hata siku moja. Hiyo si kawaida! Thermosi yangu mpya ilipasuka kwa sababu jirani alifunga mlango kwa nguvu. Tochi niliyonunua Idi haikuiona Idi ya pili. Kandambili za plastiki zilinikatikia mlangoni mwa duka, kabla sijamaliza kusema asante. Halafu chuma hiki kizee kinashona tu! Mtu wa sayansi hawezi kulala chumba kimoja na siri kama hiyo.

Nilitaka kujua kwa nini haiharibiki. Basi. Nikafungua mpaka mwisho, sikuona siri yoyote, mafuta na nyuzi tu. Nikairudisha. Ikabaki skrubu moja. Nikafungua tena, nikarudisha tena, ikabaki ileile! Na sasa gurudumu haligeuki hata likisukumwa na watu wawili.

Mageni alirudi kutoka sokoni akaona. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kusema. Alimbeba mtoto wetu Mwaisha mgongoni, akachukua kanga zake, akasema anakwenda kwa baba yake Samuye, na atarudi siku cherehani ya mama yake itakaposhona. Akapanda lori la pamba, akaondoka.

Nimeitia skrubu ndani ya kiberiti kitupu. Ni ushahidi wa kisayansi.

Jumanne, 27 Juni

Ugali umeungua. Nyumba kimya. Sikujua kwamba mlio wa cherehani ndio ulikuwa unanilaza usingizi.

Akida kapata habari. Huyu Akida ni fundi redio kama mimi, kibanda chake kinatazamana na changu, na huo ndio msiba wa maisha yangu. Alikuja kunipa pole meno yote nje. Akasema nimpelekee cherehani, ataimaliza kabla chai haijapoa. Nikamjibu kwamba cherehani si redio. Akasema na Majaliwa, yaani mimi, si fundi. Mtaa mzima ulicheka! Hata muuza karanga, ambaye redio yake niliitengeneza mwenyewe. (Inashika stesheni moja tu, lakini inaishika vizuri sana.)

Kumpelekea Akida? Kamwe! Bora nihamie Geita nikachimbe dhahabu kwa kijiko.

Alhamisi, 29 Juni

Nimepata njia! Naandika mbio, nisamehewe mwandiko.

Nimekwenda Samuye kwa baiskeli kuomba radhi. Nilimkuta baba mkwe, mzee Jilala, amekaa juu ya ngoma yake, kashika tama. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikadhani ni hasira ya cherehani. Wala! Alikuwa anaiwaza Saba Saba.

Baba mkwe ni manju, yaani mwimbaji kiongozi, wa kundi la ngoma la Wagika. Kila Saba Saba, Wagika na wapinzani wao Wagalu wanacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Na ushindi si wa nyimbo wala si wa mavazi. Ushindi ni watu! Mwamuzi anatazama umati umesimama upande gani, amemaliza. Miaka miwili mfululizo umati umekwenda kwa Makoye, manju wa Wagalu. Baba mkwe ametafuta dawa ya kuvuta watu mpaka Songwa. Kapewa unga wa kujipaka usoni. Umevuta nzi.

Hapo ndipo akili yangu iliporuka! Nikamwambia dawa ya zama hizi inaitwa kipaza sauti. Sauti yake itatoka uwanjani, itapita mashamba ya mtama, itawakamata watu wangali barabarani! Mzee alisimama. Akaniita mwanangu. Akasema nikimletea umati, atamleta Mageni mwenyewe hadi mlangoni kwangu, na mbuzi juu.

Mageni alikuwa anapepeta mtama. Aliuliza tu kama cherehani inashona. Nikamwambia mambo makubwa yanakuja. Akasema hakuuliza mambo makubwa.

Wanawake hawaoni mbali. Atakapoona umati ataisahau cherehani!

Jumapili, 2 Julai

Tatizo dogo. Mji mzima mwenye kipaza sauti ni mmoja. Akida.

Nilizunguka kibanda chake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishoni nikaingia. Akasikiliza yote, akasema atanipa: maikrofoni, tarumbeta la bati la kutolea sauti, betri, na waya wote. Ila niweke rehani. Nikauliza rehani gani. Akasema ile cherehani.

Niliona moto! Lakini nikafikiri haraka. Cherehani nimekwisha kuifungua tena, iko vipande vipande, na skrubu iko kwenye kiberiti changu. Bila skrubu Akida atafanya nini? Atahangaika, atatoa jasho, atanyamaza! Nikampelekea vipande ndani ya gunia, uso wa upole. Kiberiti nikakibakiza mfukoni. Maskini Akida. Karibu nimwonee huruma.

Jumatano, 5 Julai

Nimejaribu mitambo nyumbani. Nilikohoa mara moja tu, mbwa wa mtaa mzima wakabweka, na bibi wa nyumba ya pili akatoka nje akidhani ameitwa na Mola wake. Hiyo ndiyo nguvu ya sayansi!

Najiuliza kwa nini jamii yetu inaogopa vitu vipya. Jibu: kwa sababu vinaharibika. Na kwa nini vinaharibika? Kwa sababu havitumiwi na watu wenye akili.

Sasa siri kubwa, naiandika hapa tu. Mtu wa kawaida angelitundika tarumbeta juu ya kichwa cha baba mkwe. Kosa! Wagika wanaomzunguka wanamsikia tayari. Wanaotakiwa ni watu wa Makoye! Waya wa Akida ni mrefu, unavuka uwanja wote. Kwa hiyo maikrofoni itakaa mdomoni kwa baba mkwe, na tarumbeta nitalitundika ng'ambo, kwenye nguzo iliyo nyuma ya Makoye, karibu na barabara. Watu wanakuja kwa Makoye, ghafla sauti ya Jilala inawakamata! Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Ijumaa, 7 Julai. Saba Saba

Sayansi imeshinda! Halafu tumeshindwa.

Naandika kwa utaratibu. Vumbi, vilemba vya manyoya, akina mama na vigelegele. Ngoma zikaanza pande zote mbili. Baba mkwe akafungua mdomo, na ng'ambo ya uwanja sauti yake ikalipuka kutoka kwenye nguzo! Ng'ombe walisimama. Lori la pamba lilisimama, abiria wakashuka wote. Watu walikimbia kutoka barabarani, kutoka vilabuni, kutoka msikitini. Hata Wagika wenyewe, waliokuwa wamemzunguka baba mkwe, waliinua vichwa, wakavuka uwanja kwenda kutazama bati linaloimba. Umati kama ule haujawahi kuonekana Samuye! Nilipiga kelele za furaha. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Kisha nikatazama vizuri.

Umati wote ulikuwa umesimama chini ya nguzo. Nguzo iko upande wa Makoye. Wanamsikiliza Jilala, wanamtazama Makoye! Na Makoye si mjinga, aliwageuza wachezaji wake wakacheza kwa kufuata sauti ya baba mkwe, na walicheza vizuri mno. Huku kwetu alibaki Jilala na maikrofoni yake, wapiga ngoma wake, na mbuzi mmoja, yule niliyeahidiwa.

Nikakimbia kuwaambia watu warudi. Nani atanisikia? Baba mkwe alikuwa anaimba kwa nguvu!

Mwamuzi hakuhangaika hata kunyanyuka. Makoye, mwaka wa tatu. Akapewa jembe jipya, naye akaja kumshukuru baba mkwe kwa mkono.

Mzee hakunipiga. Alisema sauti yake haijawahi kuwa kubwa namna ile, na kwamba nisikanyage kwake mpaka mtama mwingine uive. Nilimtafuta Mageni kwa macho. Alikuwa ameketi chini, kajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nimemliza mke wangu mbele ya watu wote. Hilo limeniuma kuliko yote. Nimekunja waya wa Akida nikaondoka.

Jumamosi, 8 Julai

Nilirudisha kipaza sauti nikiwa nimeinamisha kichwa. Kabla sijafika kibandani kwa Akida nikasikia mlio. Tata-tata-tata. Niliujua kabla sijauona.

Cherehani inashona! Akida ameitengeneza, na mtaa mzima unajua ameitengeneza, na aliyeketi akishona ni Mageni! Alikuja na lori la asubuhi, kapata habari kwa dereva. Mwaisha alikuwa chini anachezea nyuzi.

Nilitaka kukimbia. Mageni akaniona, akaanza kucheka, akashindwa kushona. Kumbe jana hakuwa analia! Alisema amecheka usiku kucha, na mama yake amecheka, na hata mzee alfajiri kacheka kidogo kabla hajakumbuka kukasirika. Alisema nyumba ya baba yake ina amani sana, na amani imemchosha. Atarudi kwangu leo leo. Sharti moja tu: mkono wangu usiiguse tena cherehani ya mama yake, maisha yangu yote.

Niliapa palepale, Akida akiwa shahidi. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika. Nimeibeba cherehani kichwani hadi nyumbani, na haikuwa nzito.

Jumatatu, 10 Julai

Maisha matamu! Ugali mlaini, Mwaisha anacheka, cherehani inaimba. Mke wangu yupo. Sihitaji kitu kingine duniani.

Ila jambo moja, dogo mno. Leo nimetafuta kiberiti niwashe jiko. Nikafungua, ndani nikakuta skrubu.

Sasa tufikiri kwa utulivu. Akida ameirudisha bila skrubu. Inashona vizuri, sikatai. Lakini kama inashona hivi ikiwa na upungufu, je, ikiwa kamili? Itashona mara mbili zaidi! Mageni atafurahi namna gani! Na Akida atajificha wapi, nikiutangazia mtaa kwamba aliacha skrubu nje?

Niliapa kwamba mkono wangu hautaigusa. Nami ni mtu wa kiapo. Lakini bisibisi si mkono.

Mageni amekwenda sokoni kununua nyuzi. Nafungua kifuniko cha juu tu.