Ombi la Kustaafia Ugenini, Hatua Thelathini Kutoka Nyumbani

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya uzio wenu wa michongoma.

Kwa Bibi Meneja,
Makao ya Wastaafu kutoka Nje ya Nchi.

Mheshimiwa Bibi Meneja,

YAH: KUOMBA KUPOKELEWA KAMA MZEE WA KIGENI

Pokea salamu za jirani. Mimi ni yule mzee wa upande wa jikoni kwenu, ambaye nguo zake huanikwa mkabala na dirisha la ofisi yako. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na minne, na sijapoteza faili hata moja. Nimekula chumvi nyingi, na daktari anasema hiyo ndiyo asili ya presha yangu. Mhudumu wako, yule ambaye wazee wenu humwita Dada, ni binti yangu wa pekee. Tunaishi wawili tangu mama yake atutoke.

Nimeusoma kwa makini ubao wenu wa barabarani, unaosema kwamba mtu aliyeshindwa na gharama za matibabu na matunzo kwao, aje azeekee hapa, ambako huduma ni nafuu na watu wana upendo. Nimeusoma kwa miaka mitatu, kwa sababu uko mbele ya mlango wangu na sina pa kuukwepea. Ndipo nikaona niandike. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasipotee.

1. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, tena thelathini na wawili kwa hesabu ya mashuka mnayoanika. Mwenyeji bado goti linamuuma. Sisemi kwamba wahenga walituongopea. Nasema tu kwamba hawakutaja tarehe.

2. Binti yangu alisahau karatasi yake ya kazi mezani. Sikuipekua, ilikuwa imefunuka, na karani hawezi kuipita karatasi iliyofunuka. Ina safu nne: dawa, chakula, bafu, mazungumzo. Chini ya mazungumzo imeandikwa dakika arobaini, kwa kila mmoja wa wazee wake wanne, kila zamu. Niliishusha saa ya ukutani, nikaiweka mezani, nikapima mazungumzo yangu mimi kwa wiki nzima. Siku iliyokuwa bora kuliko zote nilipata dakika nne. Mbili zilikuwa za kuniuliza kama nimekunywa dawa, na moja aliitumia kutafuta funguo, akiongea na funguo.

3. Suala la kucha. Dirisha la Bibi wa Chumba cha Nne linatazamana na kiti changu. Kila Jumatano binti yangu humloweka miguu katika maji ya vuguvugu, humkata kucha moja moja, humpaka krimu kutoka kopo la buluu, na wanacheka. Sijui wanacheka nini, maana hawana lugha moja. Mimi mara ya mwisho nilikatwa kwa mkasi wa jikoni, huku mwenye mkasi akiongea na simu. Alimaliza mguu wa kulia. Wa kushoto nausubiri tangu wakati huo. Najua kinyozi hajinyoi, lakini sijasikia methali inayomkataza kumnyoa baba yake.

4. Watoto wa Bibi huyo hupiga simu kila Jumapili kutoka kwao, wakimshukuru binti yangu na kumwita dada yao. Jambo hili nimelitafakari kiutaratibu. Ikiwa yeye ni dada yao, basi mimi ni baba yao. Kumbe nina watoto wengine watatu, watu wazima wenye afya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunijulia hali. Naomba ofisi yako iwakumbushe wajibu wao. Anwani yangu iko juu ya barua hii.

5. Sharti lenu la kwanza linasema mzee lazima awe amevuka mpaka. Sikulipuuza. Nilikwenda uhamiaji, nikapanga foleni tangu mlango haujafunguliwa. Afisa aliniuliza nasafiri kwenda wapi, nikamwonyesha kwenye ramani niliyoichora mwenyewe, pamoja na uzio na tangi lenu la maji. Aliitazama kwa muda mrefu. "Mzee wangu," akasema, "huko hata viatu huhitaji." Nilimwomba anipigie muhuri hivyo hivyo. Alikataa, ingawa muhuri alikuwa nao mkononi na wino ulikuwa haujakauka.

6. Kwa kuwa njia halali ilikuwa imefungwa, nilisafiri bila muhuri. Jumatatu iliyopita nilifunga begi, nikavaa kofia pana, nikapita kwenye lile pengo la michongoma na kuketi katika benchi la bustani yenu, katikati ya wazee wawili. Nilisifu hali ya hewa. Nilipewa chai. Kisha binti yangu akatokea na sinia la dawa. Kwa kila mzee aliinama, akamshika bega, akamuuliza amelalaje. Nilingoja zamu yangu nikiwa nimenyoosha kola. Aliponifikia hakuinama. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba, rudi nyumbani. Utaniponza."

Nilirudi na begi langu. Chai sikuimaliza. Siku hiyo kilichoniuma si goti, Bibi Meneja, na hilo sikulipa namba kwa sababu sijui faili lake ni lipi.

Basi naomba unipokee rasmi, asije akaponzeka mtu. Naahidi kuwa mgeni wa mfano. Nitasifu matunda na kulalamikia mbu. Nitampiga picha jogoo wangu mwenyewe kupitia uzio na kuuliza anaitwaje. Saa za kazi nitajitahidi nisielewe kinachosemwa. Sharti langu ni moja tu, kwamba niwekwe miongoni mwa wale wanne wa binti yangu. Dawa, chakula na bafu mnaweza kunifutia, hayo nayamudu mwenyewe. Mniachie ile safu ya nne.

Nisalimie mlinzi wa lango, aliyeniona napita akajifanya anafunga kamba za viatu. Nisalimie mpishi, ambaye moshi wake tunagawana. Wasalimie wazee wote, hasa wale wawili wa benchi, na uwaambie wasiikalie nafasi ya katikati. Mpe Bibi wa Chumba cha Nne heshima zangu. Na ukikutana na binti yangu kwenye ujia wa vyumbani, msalimie pia, maana mimi huwa simpati.

Ni mimi jirani yako na mgeni wako mtarajiwa,

Karani Mkuu wa Masjala (Mstaafu)

Nakala: Faili.

Baada ya sahihi:

Nilikuwa natafuta bahasha asubuhi hii binti yangu aliporudi kutoka zamu ya usiku. Aliketi avue viatu, akavua kimoja, usingizi ukamchukua na cha pili kikiwa mguuni. Nilikivua. Nikachemsha maji, nikayapooza, nikaitia miguu yake kwenye beseni na kuikanda, kama nifanyavyo kila akitoka zamu, maana huwa imevimba. Akasema bila kufumbua macho, "Baba, niache hapa kidogo. Hapa tu ndipo siulizwi kitu."

Sikumuuliza kitu. Saa bado iko pale mezani, na kwa mazoea niliitazama. Tulikaa dakika arobaini na tatu.

Kwa hiyo ombi langu nalisimamisha. Nikihamia kwenu, yeye akirudi atamkuta nani? Ningeichana barua, lakini nilikwisha kuipa namba kwenye rejista, na barua yenye namba lazima itoke. Ukishaisoma irudishe kupitia pengo la michongoma. Usimwonyeshe yeye, ataisoma amesimama, na miguu ndiyo kwanza imeanza kupungua.

Ila lile kopo la buluu la Bibi wa Chumba cha Nne, kama bado lina kitu, naomba anigawie krimu kidogo. Si kwa ajili ya miguu yangu.