Ukurasa Wako wa Kikapu na Kichwa Changu

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Pole na kazi. Mimi ni kinyozi na msomaji wako wa kila asubuhi. Nakuandikia kwa heshima zote, mkono mmoja ukiwa umezishikilia nywele zangu.

Kwetu tunacheza ligi ya kubuni. Kabla msimu wa mpira wa kikapu haujaanza, kila mmoja huchagua wachezaji wa kweli watano, na wakifunga huko waliko, pointi zinamwingia yeye. Tuko wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu fundi viatu, na mama mkwe, muuguzi mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti. Anayeshika mkia hunyolewa upara na bingwa, hapahapa dukani kwangu, mbele ya wateja. Msimu uliopita bingwa alikuwa mama mkwe. Wa mwisho usiniulize. Mashine aliishika kama anamenya kiazi, nikabaki na mabaka kichwa kizima, na wateja wakaanza kuulizia kwa upole kama kuna kinyozi mwingine zamu ya jioni. Ndugu yangu, kichwa cha kinyozi ndicho bango lake. Iliniuma sana.

Safari hii nikaamua kufuata wataalamu, yaani ukurasa wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwandishi wako alituhakikishia kwamba yule jitu anayecheza nafasi ya kati amefanya mazoezi mapumziko yote na atakuwa moto wa kuotea mbali. Nikamchagua wa kwanza, kifua mbele. Juzi mmeandika kwamba ameteguka kifundo cha mguu akicheza muziki kwenye harusi ya dada yake. Naomba wachezaji wangu wasialikwe harusini. Wakialikwa, wakae.

2. Mgawa pasi wangu ameuzwa kwa timu ambayo tayari ina wagawa pasi watatu. Atapasha benchi moto msimu mzima, na hakuna aliyenishirikisha! Simu yangu iko wazi, na mchana huwa sina wateja wengi.

3. Mama mkwe gazeti lako halisomi, analifutia vioo. Yeye huchagua wachezaji wanaowataja mama zao kwenye mahojiano, basi. Na kila uhamisho mnaoutangaza unamnufaisha yeye. Kwa hiyo wachezaji wapigwe marufuku kuwataja mama zao hadharani, hata wanaowapenda kweli.

4. Nimeomba uchaguzi wetu urudiwe. Mwenyekiti amegoma, labda gazeti lenyewe likiri kwamba lilinipotosha. Basi nadai msamaha ukurasa wa mbele, pamoja na picha yangu nikiwa bado na nywele. Na mwandishi huyo asitoe maoni tena, hata kuhusu hali ya hewa.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na mwandishi mwenyewe pia, maana kinyongo sina. Mke wangu anakusalimu huku akicheka, sijui anacheka nini.

Wako katika mashaka,
Kinyozi

NB: Kabla sijaifunga bahasha, mama mkwe amepita dukani akasema amenihurumia, uchaguzi unarudiwa leo jioni. Nimemkumbatia hadi miwani ikamdondoka! Barua hii usiichapishe. Ila fanya hima umuulize mwandishi wako, safari hii nianze na nani? Mwambie asiogope, mimi namsikiliza yeye tu.