Jeli Yangu na Bakuli la Miwani

Jumatatu, 6 Mei
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Profesa ametangaza kuwa nafasi ya kazi maabarani ni moja. Tunaoitaka tuko wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Ijumaa, mbele ya wageni, kila mtu ataimulika kwa taa jeli aliyoitengeneza. Ikipata mwanga na joto, isinyae. Ikipoa, inywe maji ivimbe tena. Atakayeng'ara anabaki. Mke wangu kasema nikikosa tunahamia kwa mama yake. Mama mkwe ameshanifagilia stoo!

Jumanne, 7 Mei
Jeli imegoma. Nimeimulika asubuhi, nikaimulika baada ya chai, nikaimulika nilipokosa la kufanya. Imejilalia tu bakulini, imedumaa. Mke wangu kaniambia niiache ipumzike; eti hata yeye ningemkodolea macho hivyo angenuna. Anajua nini kuhusu polima, hizi kemikali za jeli? Mwenzangu Miwani wala haigusi jeli yake. Jino linamsumbua, anashinda kashika shavu. Lakini imevimba, inang'aa! Roho inaniuma kuliko hilo jino.

Jumatano, 8 Mei
Mpango umeiva. Wenzangu walipokwenda kula nilibaki, nikasingizia tumbo. Nikafungua friji. Jeli ya Miwani bakulini mwangu, yangu bakulini mwake. Kazi safi! Mlinzi akachungulia, akanipa pole ya tumbo. Nikapokea.

Alhamisi, 9 Mei
Siwezi kujizuia. Jeli niliyojipatia ni raha kuitazama! Taa, inasinyaa. Maji baridi, inavimba. Tena. Na tena. Kufika jioni ikawa inajivuta. Nadhani taa ndiyo mbovu. Miwani hakuja, kaenda kung'oa jino. Maskini, hajui kesho anaumbuka.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeumbuka mimi. Jeli yangu, yaani ya Miwani, imepasuka vipande mbele ya wageni. Yake, yaani yangu, ikasinyaa vizuri, ikavimba vizuri, watu wakapiga makofi. Profesa akamuuliza siri yake. Miwani, shavu limemjaa, akasema hakuigusa kabisa. Ilikaa tu gizani kwenye maji baridi mpaka ikashiba. Ikashiba! Jeli yangu mwenyewe! Nilitaka kupiga kelele kuwa ni yangu. Ningeelezaje? Nikampa mkono wa pongezi, machozi yakinilengalenga.

Jumamosi, 11 Mei
Tumehamia stoo. Mama mkwe katupokea kwa upole, jambo ambalo linauma zaidi. Nimechoka jamani, lakini nimetafakari na kosa nimeliona: nilizibadilisha mara moja tu. Ilitakiwa mara mbili. Nasikia maabara nyingine inatafuta mtu, kwa hiyo nimeanza jeli mpya, ipo kwenye friji ya mama mkwe nyuma ya maziwa. Analalamika kuwa maziwa yataharibika, friji inafunguliwa kila saa. Nimemwambia usijali, mama. Nachungulia tu kidogo. Kwa tochi.